Placide na Kamba ya Maua

Habari hii hakuna mutu atakayeisadiki, na simulaumu mutu. Hata mimi niliyeshika usukani, kuna asubuhi naamka nasema: Gaston, wewe uliota. Mwanamuke wa kizungu achome esansi ya motokari, ale vumbi mpaka kwenye kope, apoteze Jumapili mbili za Mungu, na si kwa kutafuta dhahabu, si kwa kuwinda nyati, si kwa kumuona mugonjwa. Ni kwa kwenda kuangalia maua ya porini. Kuangalia tu. Hayali, hayauzi, hayapeleki kwa munganga. Anayaangalia, anashusha pumzi, anarudi nyumbani.

Lakini iko kweli. Ilitokea mwaka wa 1952 katika barabara ya Kasongo kwenda Kabambare, na mutu aliyeifanya iwezekane si mimi. Shikeni neno hilo vizuri, watoto wa dada yangu, maana hamutanisikia nikilisema mara ya pili. Mutu huyo ni baba yenu, Placide.

Odile ndiye aliyeniomba niandike. Anasoma kwa masista, na masista wamewaambia wasichana kila mumoja alete maisha ya mutu wa kwao. Odile alikwenda kwanza kwa baba yake. Baba yake akamujibu: "Nilizaliwa, nikatengeneza barabara, niko hapa." Mutoto akahesabu maneno, akaona hayatoshi, akaja kwa mujomba. Alijua anakuja wapi. Mimi nilisoma miaka minne kwa mapadri, na ningesoma mitano kama si ile habari ya mbuzi wa Padri, ambayo si ya leo. Miaka minne inamutosha mutu mwenye akili. Nilikuwa shofa wa Serikali miaka kumi na mumoja, niliendesha motokari tatu mpaka zikafa zenyewe, na katika Kasongo nzima hakuna aliyepiga honi kama mimi. Kuku walikuwa wanaijua. Walikuwa wanakimbia kwa heshima.

Placide amekubali, kwa sharti moja. Naandika barazani kwake, yeye yuko mbele yangu anamenya karanga, na kila nikimaliza ukurasa namusomea. "Andika, shemeji," aliniambia. "Lakini nikisikia uongo nitakukata hapohapo." Nikamuambia kitabu bila chumvi ni sawa na sombe, yale majani ya muhogo, bila chumvi. Akasema: "Sombe yako tunaijua. Chumvi inashinda majani."

Basi, baba yenu. Alizaliwa hapa karibu na Kasongo, kwenye jiwe la tatu la kilometa, mutoto mumoja tu wa bibi yenu Ernestine, mujane aliyelima mupunga. Alikuwa kijana murefu, mukimya, mutu wa kuangalia chini anapotembea, na si kwa haya. Alikuwa anaangalia njia. Serikali ilimuandika kuwa kantonye, yaani mufanyakazi wa barabara: kuchimba mitaro, kujaza mashimo, kufunga madaraja mvua ikiyala. Baada ya miaka minne wakamufanya kapita, yaani musimamizi, juu ya watu kumi na wawili.

Kusoma hajui. Alikuwa anaandika kwa kamba. Kila jiwe la kilometa ni fundo moja, na kwenye fundo anafunga kitu cha kumukumbusha. Daraja bovu, kijiti. Mahali maji yanapokata barabara, unyoya wa bata. Shimo baya, kipande cha kibuyu. Ajenti, yule muzungu aliyesimamia barabara zetu, alizicheka kamba hizo mwaka mumoja. Halafu akaona kamba ya Placide inasema kweli kuliko makaratasi ya wengine, akaacha kucheka.

Kipande chake cha barabara kilikuwa mbali, upande wa Kabambare, kutoka jiwe la sitini mpaka la themanini. Dada yangu Albertine hakumufuata huko. Alibaki kwenye jiwe la tatu na bibi yenu, maana miguu ya bibi ilikuwa imevimba, hakuweza kufika hata kisimani. Wewe, Odile, ulikuwa bado na meno ya maziwa. Placide alikuwa anawaona mara moja kwa mwezi, siku mbili za kutembea kuja, siku mbili kurudi. Kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimoja: apewe kipande cha kwanza, kutoka jiwe la kwanza mpaka la ishirini, kile kinachopita nyuma ya jiko la mama yake. Hakutaka cheo. Alitaka awe anafanya kazi huku anamusikia mama akikohoa.

Sasa Madamu. Huyo muke wa Ajenti alifika Kasongo wakati wa kiangazi, wakati mbingu ni moshi na nchi ni majivu, na alikonda kwa huzuni kama mutu aliyeletwa gerezani. Mwezi wa tisa mvua ya kwanza ikaanguka. Kesho yake akaniita.

"Gaston, maua iko wapi?"

Alinieleza, Kiswahili kidogo na mikono mingi, kwamba kwao baridi ikiisha nchi yote inatoa maua. Baba yake alikuwa anawapakia wote katika motokari, Jumapili hii njia hii, Jumapili ile njia ile, kwenda kuyaona. Safari hizo walikuwa wanazipanga mapema, wamekaa karibu na moto na karatasi na penseli, barafu bado iko chini. Alitaka hivyohivyo huku kwetu. Maua gani, mahali gani, juma gani.

Mutu mwenye akili angesema sijui. Mimi nilisema: "Madamu, nayajua yote." Nilikuwa najua moja, ua la boga, kwa sababu Albertine analipika.

Juma lile nilipeleka simenti upande wa Kabambare, nikamukuta Placide ndani ya mutaro, matope mpaka magotini. Nikamueleza.

"Kuangalia?" aliuliza.

"Kuangalia."

"Halafu anayafanya nini?"

"Halafu anarudi nyumbani, anakunywa supu."

Nilingoja acheke, tucheke wote. Hakucheka. Alipangusa mikono kwenye majani. "Mama yangu pia iko hivyo," alisema. "Zamani akitoka shambani alikuwa anapita njia ndefu, na muzigo kichwani, kwa sababu ya yale ya njano."

Halafu akanipa somo, mimi shofa wa Serikali nimesimama juu, yeye mutaroni. Maua, alisema, yanafuata vitu viwili, moto na mvua. Mahali walipochoma majani mapema, maua yametoka na yamekwisha. Mahali walipochoma mwishoni, ndiyo kwanza yanatoka. Kwa hiyo asiende siku moja kuona yote. Jumapili ya kwanza aende karibu, mpaka jiwe la kumi na mbili. Milimani mvua inachelewa. Huko aende Jumapili ya tatu, baada ya saa sita, jua likiwa nyuma ya motokari, maana ukiangalia ua jua liko machoni hulioni, unaona weusi tu. "Lakini ngoja," alisema. "Nisiseme kwa kichwa. Nitayapita kwa miguu."

Aliyapita yote, mawe themanini, katika siku zake za kupumuzika, siku ambazo angekuwa kwa muke wake. Akaniletea kamba. Sijaona kitu kama kile tena. Mafundo themanini, na kwenye kila fundo lenye maua amefunga ua lenyewe kwa uzi wa mugomba: la njano linalolala chini bila shina, la zambarau la matungulu, yale matunda tunayonyonya tukiwa watoto, jeupe lenye mistari ya damu, na lile jekundu lenye kujipinda kama ndimi za moto, ambalo wazee wanatukataza kuchimba muzizi wake. Mahali hakuna kitu, fundo tupu. Kwenye jiwe la sabini na mbili alikuwa amefunga mengi sana, fundo limekuwa kubwa kama ngumi.

Madamu aliipokea kwa mikono miwili. Akayanakili mafundo yote kwenye karatasi, akaitundika kamba ukutani. "Nani alifanya?" aliuliza. Nilimujibu, "Sisi."

Hapo Placide ameinua kichwa kutoka kwenye karanga. Nimefuta, naandika upya. Nilimujibu, "Mimi."

Jumapili ya kwanza ilikwenda vizuri. Karibu na jiwe la saba tulipanda kilima kilichochomwa, na majivuni yale ya njano yalikuwa yametandazwa kana kwamba mutu amemwaga viini vya mayai. Madamu alivua viatu. Alikaa chini kabisa, na nguo yake nyeupe, akaweka viganja juu ya maua bila kuyachuma, na nilimuona anafuta macho. Nikageuka upande wa motokari. Nilijua machozi yale yalikuwa kazi ya mukono wa mutu mwingine, na mimi ndiye niliyesimama pale napokea asante.

Ajenti aliporudi kutoka safari zake, aliona kamba ukutani. "Hii kamba ya Placide," alisema. Nikasema ndiyo, Bwana, hata mimi nilikuwa nataka kusema.

Akamuita Placide. Mbele ya Madamu na mbele yangu akamuambia: Jumapili ya tatu watakuja wageni, munganga na muke wake, na wazungu wawili wa machimbo ya dhahabu kutoka upande wa Salamabila. Wote watapita barabara hiyo kuangalia maua, mpaka jiwe la sabini na mbili. Madamu akifurahi, kuanzia mwezi wa kumi na mumoja Placide atachukua kipande cha kwanza. Placide alisema, "Ndiyo, Bwana." Si zaidi. Lakini Albertine alinisimulia baadaye kwamba siku ile alifika nyumbani anakimbia, mutu muzima. Na bibi yenu akaanza kufagia kile chumba cha nyuma akiwa amekaa chini, anasogea kidogokidogo na ufagio, kupanga mahali pa kitanda.

Kabla sijaondoka, Placide alinishika bega. "Shemeji, kitu kimoja tu. Njiani usiseme kwa watu wa vijiji kwamba wazungu wanakuja. Unajua watafanya nini."

Nilijua. Ninyi watoto wa leo labda hamujui, lakini wakati ule kila mutu alijua. Kila kijiji kilikuwa na kipande chake cha kando ya barabara cha kusafisha. Muzungu wa Serikali akipita akakuta majani, kapita wa kijiji analala gerezani, na watu wanaonja fimbo. Kwa hiyo habari ikisikika tu kwamba mukubwa anapita, majembe yanatoka yenyewe. Wanafyeka, wanakwangua, wanafagia, mpaka kando ya barabara ni udongo mutupu, safi, sawa na sakafu ya kanisa. Ilikuwa adabu, na ilikuwa woga, na huwezi kuvitenganisha.

"Mudomo wangu nimeufunga," nilimuambia. "Hata nzi hataingia."

Jumamosi nilitangulia na pikapu kupeleka viti, meza na vyombo kwenye nyumba ya wageni iliyo baada ya jiwe la sabini na tano. Placide alibaki Kasongo, maana Ajenti alitaka kesho yake asafiri nao, aonyeshe. Kwenye jiwe la sitini na sita motokari ikaomba maji. Hapo ni kijiji cha Bulaimu. Bulaimu alikuwa kapita wa kijiji, Mwislamu mutaratibu, kanzu nyeupe, sauti ya chini. Alinikaribisha, akaniletea chai ya tangawizi. Naandika kwamba ilikuwa chai. Ningependa sana kuwaambia ilikuwa pombe ya mungazi, lakini Bulaimu hanywi na nyumbani kwake hakuna mutu anayekunywa. Kichwa changu kilikuwa kizima.

Watu walikusanyika. Labda arobaini. Wanaangalia viti.

"Bwana shofa," Bulaimu alisema, "viti hivi vyote vya nani?"

"Vya wakubwa."

"Wakubwa wanakuja?"

Nilimukumbuka Placide. Nikameza chai mara moja. "Kesho," nikasema. "Motokari tatu. Ajenti na Madamu, munganga, na wazungu wa dhahabu."

"Wanakuja kuangalia nini?"

Hapo, watoto, ndipo penyewe. Neno lilikuwa moja, na lilikuwa jepesi: maua. Kama ningelisema, wangecheka, tungecheka, na maua yangebaki. Lakini nilikuwa na kofia yenye nembo ya Serikali kichwani. Kulikuwa na mwanamuke mumoja pale mulangoni, muzuri, mikono kiunoni, ananiangalia kana kwamba mimi ndiye niliyetengeneza motokari. Niliwaona wote wakicheka kabla hawajacheka: shofa mukubwa wa Kasongo, anabeba viti kilometa sabini kwa ajili ya majani. Nikaona haya. Niliona haya ya maua.

"Wanakuja kuangalia kando ya barabara," nilisema. "Kushoto na kulia. Na Madamu huyo ana macho. Anaangalia jani moja moja."

Bulaimu aliweka kikombe chake chini. "Jani moja moja?"

"Na karatasi anayo," nilisema. "Anaandika."

Kibaya zaidi ni kwamba hilo la karatasi lilikuwa kweli.

Walinipa kuku. Nilimula. Alikuwa mutamu.

Nilipokwisha kushusha viti na kugeuka kurudi Kasongo, jua lilikuwa bado juu, na tayari niliwaona. Wanaume na mapanga, wanawake na majembe, wazee na mifagio, wanatoka nyumba moja baada ya nyingine. Ngoma ya Bulaimu ilikuwa inaongea na vijiji vya mbele, na vya mbele vinajibu. Ningeweza kusimama. Ningeweza kushuka na kusema, ndugu zangu, nilidanganya, ni maua tu. Kilometa sita nilikuwa najiambia, nitasimama pale kwenye watu wengi, niseme mara moja kwa wote. Watu wengi walikuwa hapo, halafu hapo tena. Nilipiga honi. Wakanipungia mikono.

Baadaye nilisikia kwamba watu kumi na wawili wa Placide walijaribu kuzuia. "Kapita wetu amekataza kugusa hapa," walisema. Bulaimu aliwajibu kwa upole: "Kapita wenu hafungwi. Mimi ndiye ninayefungwa." Wakasogea pembeni.

Jumapili tuliondoka Kasongo baada ya saa sita, jua nyuma, kama Placide alivyosema. Mimi mbele na pikapu, Ajenti na Madamu pembeni yangu, Placide nyuma na shati ya kaki ambayo Albertine aliipiga pasi mara mbili. Madamu aliweka kamba mapajani, anapitisha vidole fundo kwa fundo, sawa na rozari. Fundo linasema nyekundu, na nje ni nyekundu. Fundo linasema tupu, na nje ni tupu. Alikuwa anacheka kila mara kama mutoto. Jiwe la hamsini, zambarau. Jiwe la hamsini na nane, yale meupe yenye mistari. Mimi nilikuwa natoka jasho kwenye usukani, na si kwa ajili ya jua.

Jiwe la sitini na mumoja, udongo.

Udongo mwekundu, umekwanguliwa, umefagiwa, mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Kushoto na kulia. Madamu aliangalia kamba, akaangalia nje, akahesabu mafundo upya, akidhani amekosea yeye. Nilisikia Placide, nyuma, amesimama na kushika chuma cha pikapu.

Kwenye jiwe la sitini na sita watu walijipanga, wamevaa nguo za sikukuu, wanaimba, majembe mabegani. Na kwenye jiwe la sabini na mbili, kile kilima kilichokuwa na fundo kubwa kama ngumi, walikuwa wamefyeka hatua hamsini kila upande. Hamsini. Walifanya kazi tangu Jumamosi mpaka asubuhi ile. Maua yote walikuwa wameyakusanya katika mafungu makubwa, ya njano na ya zambarau pamoja, yamenyauka, nyuki bado wanazunguka juu. Kando ya kila fungu mutu amesimama wima, anangoja asifiwe. Bulaimu alikuja mbele na kikapu cha mayai. Mikono yake ilikuwa na malengelenge.

"Bwana," alisema, "tumesafisha yote. Hata kichwa kimoja cha ua hakikubaki."

Munganga alicheka mpaka akashika mulango wa motokari yake. Wale wa dhahabu walisema jambo kwa Kifaransa ambalo sitaliandika, kwa sababu Odile atalisoma kwa masista. Madamu hakucheka. Alishuka, akatembea mpaka kwenye fungu moja, akasimama. Halafu akarudi nyuma ya pikapu na kumurudishia Placide kamba yake. Aliiweka mukononi mwake polepole, kama unavyomurudishia mutu kitu cha marehemu.

Ajenti alikuwa mwekundu kuliko udongo. "Nani alisema wafyeke?"

Bulaimu alifungua mudomo. Macho yake yalikuwa yananitafuta. Lakini Placide alikuwa ameruka chini, akasema kwanza yeye: "Barabara ni yangu, Bwana. Kosa ni langu."

Alikuwa anajua. Alipoona jina langu linataka kutoka mudomoni mwa Bulaimu, alijua yote. Lakini mimi ni kaka ya muke wake, na kwetu mutu hakubali shemeji yake alazwe chini apigwe fimbo mbele ya watu, kama anaweza kusimama katikati. Ndivyo tulivyo. Ndivyo yeye alivyo, nisijiweke ndani.

Kabla sijaandika mimi nilikuwa wapi wakati ule, niandike kilichomupata yeye.

Hakupigwa. Mwezi wa kumi na mumoja kipande cha kwanza alipewa mutu mwingine, na Placide alipelekwa mbele zaidi, ng'ambo ya Kabambare, kwenye barabara ya Salamabila. Siku sita kwa miguu mpaka kwa mama yake. Kitanda kile cha chumba cha nyuma bibi yenu hakukubali kiondolewe. Albertine aliniuliza, tukiwa tunakula, chakula chake, wali wa bibi: "Kaka, ni nani aliyewaambia wale watu wafyeke?" Nikamujibu: "Si unawajua watu wa huko." Nikaongeza samaki.

Na kila mvua ya kwanza ikianguka, Placide alikuwa anafunga kamba mpya, ya barabara ya huko alikokuwa, na maua ya huko, na alikuwa anaipeleka kwa mama yake. Anaipeleka na nani? Na shofa. Na mimi. Nilikuwa naifikisha. Bibi yenu aliishika akaipapasa fundo kwa fundo, ananiuliza hapa kuna mulima, hapa kuna mutaro, hapa mutoto wangu analala? Halafu ananiambia: "Gaston, wewe ndiye muguu wangu. Mungu akulipe." Neno hilo alinipa mara mbili, mwaka wa 1953 na wa 1954. La 1954 lilikuwa la mwisho. Alikufa juma lilelile. Habari ilichukua siku tano kumufikia Placide, na yeye siku zake za njia. Alikuta kaburi limeshakauka. Ile kamba ya mwisho ndiyo aliyoifunga kwenye musalaba, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, nimeshika kofia.

Kipande cha kwanza alikuja kukipata mwaka wa 1956, Ajenti mwingine, bila sababu yoyote, kwa karatasi tu. Anapita nyuma ya jiko kila siku na jembe. Hakuna anayekohoa ndani. Kwa miaka sita hii hakunisema kwa Albertine, hakunisema kwa mutu, na mimi sikuliinua neno hilo mbele yake hata siku moja, mpaka karatasi hii. Nimemusomea yote haya sasa hivi. Anamenya karanga.

Imebaki pale jiwe la sabini na mbili. Odile, soma kwa makini, na uwasomee wadogo zako. Ajenti aliuliza nani. Baba yenu akasema, kosa ni langu. Ndipo mimi, mujomba wenu Gaston, mbele ya wazungu sita na watu mia tatu, nilitoka, nikavua kofia yenye nembo, nikaitupa vumbini, nikasema kwa Kifaransa ili wote wasikie: Bwana Ajenti, mudomo uliofyeka maua haya ni huu wangu, nichapeni mimi, mutu huyu hana kosa, na mama yake mugonjwa anamungoja kwenye jiwe la ta—

"Shemeji," Placide anasema, na karanga imesimama mukononi. "Viatu vyako niliviona. Vilikuwa chini ya pikapu, vidole vinaangalia juu."